Namna ya kulinganisha kampuni za kruzi: kebini, launji na ziara za bandarini

Swali la "kampuni gani ya kruzi ni nzuri", yaani hizi safari za starehe za meli, halijibiki, na ndo maana ukiliuliza kwenye grupu la familia utatajiwa majina manne na kila mtu anaapa lake ndo lenyewe. Kampuni moja inaweza kuwa na meli mpya kabisa na meli kuukuu zimefunga gati moja, jina ubavuni lile lile, bei zinakaribiana, ukiingia ndani ni dunia mbili tofauti. Royal Caribbean wanayo Icon of the Seas iliyoanza kazi Januari 2024, abiria 5,610 ukihesabu wawili wawili kwa kebini, na wanayo pia Grandeur of the Seas ya mwaka 1996 inayobeba karibu 2,000 kwa hesabu hiyo hiyo. Sasa mtu akikwambia "mi nilipanda Royal, vyumba vyao vidogo", kakwambia nini hapo? Unalinganisha meli na meli, tarehe na tarehe, njia na njia. Jina la kampuni liache lije baadaye.

Alafu kabla hujafungua hata picha moja ya chumba, chukua ratiba uhesabu siku za baharini, yaani zile siku meli haigusi bandari yoyote. Hizo ndo zinaamua hela yako iende wapi. Safari ya usiku 7 kutoka Miami kwenda Caribbean ya magharibi mara nyingi ina siku mbili au tatu za maji matupu, na siku hizo watu wote wamo ndani, kila kiti cha juani kina taulo la mtu, hapo launji na kebini ndo vinakuwa nyumba yako. Usiku 7 za Mediterania ukianzia Barcelona unaweza kupata siku moja tu ya baharini, zilizobaki unaamka bandarini, unatoka asubuhi unarudi jioni miguu inawaka moto, kebini unaingia kulala basi. Mtu analipia balkoni ya gharama Mediterania alafu anabana hela ya kufika Roma, mi hapo huwa sielewi kabisa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni ziara kwanza, launji pili, kebini mwisho. Najua tovuti zote zinaanza na kebini, lakini zinaanza hapo kwa sababu kebini ndo bei inayoonekana, ziara na vinywaji vinakuja kukukamata baadaye ukishalipa depoziti.

Ziara za bandarini

Jambo la kwanza, jina la mji kwenye ratiba sio lazima liwe mji meli inapofunga. Wameandika Roma, meli inafunga Civitavecchia, kama kilomita 80 hivi. Wameandika Florence, utashushwa Livorno au La Spezia. Wameandika Paris, mwenzangu hapo ni Le Havre, kilomita kama 200. Na Venice ndo usiseme, tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli zinazozidi tani 25,000 kupita mbele ya uwanja wa San Marco, kwa hiyo kruzi nyingi zinazoitwa za Venice siku hizi zinaanzia Ravenna au Trieste, na ukitoka huko kwa basi ni saa mbili na ushee. Kampuni mbili zinaweza kutangaza "Venice" kwa bei moja na mmoja akakuacha mbali sana kuliko mwingine. Tafuta jina la bandari kwa maandishi madogo, lipo.

Ukishalijua hilo fanya hesabu ya saa halisi. Meli inafunga saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 jioni, kwenye ratiba inaonekana saa 12 nzima, safi. Toa saa moja ya kushuka, toa saa moja ya mwisho maana hawakuruhusu kufika dakika ya mwisho, alafu toa njia. Civitavecchia mpaka Roma kwenda na kurudi weka saa tatu, unabaki na saba, unazunguka vizuri tu. Le Havre mpaka Paris kwenda na kurudi ni kama saa sita, unabaki na nne, yaani unapiga picha mnara, unakula mkate, unarudi. Fanya hivi kwa kila bandari ya kila safari unayolinganisha, jumlisha, na utashangaa ile ya bei rahisi mara nyingi imekupa saa chache kweli kweli. Mtu haioni tofauti hiyo kwa sababu kwenye tangazo zote ni "bandari tano".

Angalia pia kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje mkaletwa na viboti. Grand Cayman hamna gati la kruzi, na Aprili 2025 wananchi wenyewe walilipigia kura suala la kujenga gati wakalikataa, kwa hiyo viboti vitaendelea. Belize City ni viboti. Santorini ni viboti, alafu ukifika chini unapanga foleni ya kigari cha kebo cha kupanda mjini au unapanda ngazi karibu 600 ukiwapisha punda njiani, na siku wameingia meli nne kubwa foleni hiyo inakula mchana wako wote. Tena tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza euro 20 kwa kila abiria wa kruzi kushuka Santorini au Mykonos miezi ya Juni mpaka Septemba, kwa familia ya watu watano hiyo ni euro 100 kwa kisiwa kimoja, iweke kwenye hesabu. Na ujue kwenye viboti nani anatangulia: kwa kawaida ni wale walionunua ziara ya meli, pamoja na wenye vyumba vya daraja la juu. Wewe uliyenunua ziara yako nje unaweza kukaa ukisubiri namba yako mpaka saa nne.

Sasa swali la kununua ziara kwa meli au kwa watu wa nje. Aliyewahi kufanya kazi ya utalii Mombasa au Zanzibar hahitaji kufundishwa hapa, wale madereva wa vani wanaojipanga getini Kilindini siku meli imeingia wanajua mgeni kalipa kiasi gani kule ndani na wao kimewafikia kiasi gani. Ndo hivo hivo Cozumel, ndo hivo hivo Jamaica. Kampuni ya meli inachukua chake juu, dereva ni yule yule, pwani ni ile ile. Lakini unacholipia ni kitu kimoja cha maana: ziara ya meli ikichelewa, meli inakusubiri au kampuni inakugharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukienda kivyako ukachelewa umeachwa, utatafuta ndege mwenyewe, na pasipoti kama umeiacha kebini basi hiyo ni hadithi nyingine.

Mi kanuni yangu ni umbali. Bandari ambayo mji uko hapo hapo, kama Nassau au Philipsburg kule St. Maarten, usinunue ziara ya meli kabisa, toka kwa miguu. Muscat vile vile, soko la Muttrah liko pembeni ya bandari, basi la kukutoa getini likishakushusha unatembea, na usishangae mzee wa duka la ubani akakujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Bandari ya umbali wa kati, mfano Roma, treni inakutosha kama una roho ngumu. Bandari ya saa mbili na zaidi nunua ya meli, hata kama bei inauma.

Kuna mtego mmoja wa saa Cozumel unawapata watu kila mwaka. Jimbo la Quintana Roo halibadilishi saa, Miami inabadilisha, kwa hiyo kiangazi Cozumel iko saa moja nyuma ya Miami. Meli nyingi zinabaki na saa ya meli. Simu yako ukishashuka inashika mnara wa nchi kavu na kujibadilisha yenyewe, unaangalia saa kumi kamili umetulia na taco yako, kumbe kwenye meli ni saa kumi na moja na wanavuta ngazi. Vaa saa ya mkononi, au zima simu isijirekebishe.

Ukilinganisha kampuni kwa bei ya ziara kumbuka wengine wamezitia ndani ya nauli. Viking kwa meli zao za bahari wanakupa ziara moja kila bandari bila kuongeza hela. Regent Seven Seas wanakupa nyingi tu unachagua, nauli yao ndo mlima. Norwegian huwa na ofa ya kukupunguzia dola 50 kwa kila ziara kila bandari, lakini soma vizuri, ni kwa mtu wa kwanza kwenye kebini, sio kila kichwa. Na visiwa vya kampuni zenyewe kule Bahamas navyo sio sawa. CocoCay ya Royal Caribbean kushuka, ufukwe na chakula kingi ni bure lakini yale mateleza makubwa ya maji na ile sehemu ya watu wazima unalipia, na sio kidogo. Ocean Cay ya MSC imetulia zaidi, ni ufukwe na ule mnara wa taa, na meli mara nyingi inakaa mpaka usiku. Ukiwa na watoto wa miaka 12 wataipenda ya kwanza, ukiwa na mama yako mzazi mpeleke ya pili.

Na viza, jamani. Pasipoti ya Kenya au Tanzania, kila nchi kwenye ratiba ni swali lake, na wengi wanadhani ukibaki ndani ya meli umesalimika, kumbe kampuni inaweza kukukatalia kupanda siku ya kwanza kabisa kwa kukosa karatasi ya bandari ya nne. Kruzi ya kutoka Miami inatoka Marekani na kurudi Marekani, kwa hiyo viza yako ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mediterania ikichanganya na Uturuki, viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kati ya safari mbili zinazofanana, ile yenye nchi chache ndo rahisi kuliko inavyoonekana kwenye bei.

Launji

Hapa kuna vitu viwili tofauti vinaitwa jina moja. Kuna launji za wote, yaani mabaa na sehemu za kukaa na muziki, na kuna launji za wenye kadi. Za wote usihesabu ziko ngapi, hesabu ziko wapi. Fungua ramani ya deki, angalia kama launji ni chumba chenye milango yake au ni njia tu ya kupita watu kwenda kula. Angalia imepakana na nini, kwa sababu kasino za meli nyingi bado zinaruhusu sigara na launji iliyogusana na kasino utaivaa harufu mpaka kitandani. Angalia juu mbele kabisa ya meli kuna nini. Meli nyingi za Holland America zimeweka pale launji wanayoiita Crow's Nest, vioo mbele, bahari yote unaiona umekaa, na ni ya kila mtu. Kuna kampuni sehemu hiyo hiyo nzuri wameigeuza ya wenye vyumba vya gharama peke yao, basi wewe wa kebini ya ndani, ile isiyo na dirisha, hutaiona hata siku moja.

Za wenye kadi zinatofautiana kwa jinsi unavyoingia. MSC wana Yacht Club, ni kama meli ndogo ndani ya meli, ukinunua chumba cha huko unapata Top Sail Lounge, mgahawa wenu, bwawa lenu na mhudumu, na kwa nauli mara nyingi iko chini ya The Haven ya Norwegian ambayo ni wazo hilo hilo. Hizi mbili zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe, usiweke Haven na kebini ya kawaida ya MSC ukasema Norwegian ni ghali. Royal Caribbean kwa upande wao wana launji ya Diamond ambayo hainunuliki, unaipata kwa kusafiri nao mpaka ufikishe pointi 80, na kwa kawaida pointi ni moja kwa kila usiku. Kwa mtu anayeenda kruzi mara moja kila miaka miwili hiyo launji haipo, iondoe kwenye karatasi yako.

Anayesafiri peke yake namshauri aangalie Norwegian kwanza. Tangu meli ya Norwegian Epic mwaka 2010 wana vyumba vinaitwa Studio, vidogo, kama mita 9 za mraba, vimepangwa bei ya mtu mmoja, na vina launji yao inayofunguka kwa kadi za vyumba hivyo tu. Kahawa ipo, vitafunio vipo, na jioni unakutana na watu walio peke yao kama wewe mnapanga kula pamoja. Kwingine ukiwa peke yako mara nyingi unalipia kitanda cha pili ambacho hakina mtu, yaani nauli mara mbili. Ila kabla hujafurahi linganisha, kuna wiki Studio inauzwa karibu sawa na kebini kamili ya kampuni nyingine ukiilipia mara mbili.

Vinywaji ni sehemu ya launji pia. Kama hunywi pombe, na wengi wetu wa pwani hatunywi, ile ofa ya "vinywaji bure" sio bure, imo ndani ya nauli, na kwa Norwegian bado utalipa asilimia 20 ya huduma juu yake. Royal Caribbean na Carnival wana sharti kwamba mtu mzima mmoja kwenye kebini akinunua kifurushi cha pombe wazima wengine wote wa kebini hiyo wanunue. Mume anakunywa mke hanywi, mmelipa wote wawili. Kifurushi cha soda na juisi kipo, kiulize, hawakitangazi sana.

Kebini

Picha zote zimepigwa na lenzi ya kutanua chumba, usizitazame, tafuta namba. Kebini ya ndani ya kawaida ya Carnival ni kama mita 17 za mraba, kwa meli nyingine mpya utakuta 14 au 15, na hizo mita mbili tatu ndo pale sanduku linapofunguka sakafuni bila mtu kupanda kitandani. Kwenye za balkoni uliza kama namba imejumlisha balkoni yenyewe. Viking wanasema chumba chao cha chini kabisa ni mita 25 na ni kweli, lakini humo balkoni imo.

Neno balkoni nalo lina ujanja wake. Meli kubwa za Royal Caribbean kuanzia Oasis of the Seas ya 2009 zina balkoni zinazotazama ndani ya meli, bustani au barabara ya michezo, bahari huioni au unaiona kidogo tu, na wale wa chini wakikaa nje unawaona na wao wanakuona. Celebrity meli za Edge zina kitu chao, chumba kinafika mpaka ukingoni na dirisha lote la juu linashuka kwa kubonyeza, chumba kinakuwa kikubwa kweli lakini ukilishusha kiyoyozi kinakata, na upepo ukichafuka nahodha analifunga kutoka kule juu. Kuna wanaoipenda. Mi nataka mlango, nitoke nje. Disney kwenye kebini za ndani za meli zao za Dream na Fantasy wameweka dirisha la duara la kioo cha televisheni linaloonyesha bahari ya nje kwa kamera, watoto wanalikodolea macho asubuhi nzima.

Kuliko aina ya kebini, mahali ilipo ndo panakulaza au kukukesha. Chukua namba ya kebini, tafuta deki iliyo juu yake na iliyo chini yake, linganisha. Juu pakiwa na bwawa la kuogelea utaanza kusikia viti vikiburutwa saa kumi na moja alfajiri wakisafisha. Chini pakiwa na ukumbi wa dansi besi itakupigia kifuani mpaka saa nane usiku. Mbele kabisa utasikia mnyororo wa nanga kila bandari ya viboti. Kebini nzuri ni ile iliyozungukwa na kebini, juu kebini chini kebini. Anayetapika chombo kikiyumba akae katikati na chini, hata kama ni bila dirisha. Angalia pia alama ya mlango wa kuunganisha vyumba viwili, ni mzuri kwa familia, kwa wengine utasikia jirani akikohoa. Na ile bei ya chini kabisa ambapo kampuni inakuchagulia kebini yenyewe, chukua tu kama kweli hujali, maana ukipewa ya mbele kabisa huna pa kulalamikia.

Ukishakuwa na hivi vitatu weka hesabu moja kwa kila meli. Tuseme wawili, usiku 7. Meli A nauli dola 1,400 wote wawili, meli B dola 2,000. A ongeza bahshishi, ambayo kwenye kampuni kubwa za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, weka 250. Ziara tatu za dola 90 kwa kila mtu, 540. Intaneti 150, vinywaji vya launji 200. Unafika 2,540. Meli B kama imetia ndani bahshishi na intaneti na ina bandari mbili za kutembea kwa miguu, unanunua ziara moja tu, 180, vinywaji 200, jumla 2,380. Gawa kila jumla kwa zile saa halisi za bandarini kama unaenda Mediterania. Kama ni Caribbean gawa kwa usiku, alafu jiulize zile siku tatu za baharini utazikalia wapi.

Depoziti ukishaweka usiache kuangalia bei. Malipo ya mwisho kwa kampuni kubwa nyingi yanatakiwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya kuondoka kutegemea kampuni na urefu wa safari, na mpaka siku hiyo ukiona kebini kama yako imeshuka, kwa tiketi nyingi zilizonunuliwa Marekani wanakubali kukurekebishia ukiwapigia. Wapigie ukiwa na namba ya kebini unayotaka mkononi, sio aina ya kebini, namba.